Mji Niliouchora kwa Nyasi

Jumatatu, 11 Machi

Siku kubwa! Nimekuwa Mwenyekiti.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, saa tatu asubuhi. Afisa mipango miji, dada anaitwa Violet, mwenyeji wa Lituhi kule ziwani, alitueleza kwamba Mbinga inakua na sasa mji umefika miguuni pa mlima wetu. Walimu wapya wanatafuta nyumba. Vijana wa machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka wanatafuta nyumba. Ukoo wetu umekubali kutoa ule upande wa mlima ambao haujaguswa na jembe mwaka wa sita huu. Ila Violet hataki nyumba ziote ovyo kama uyoga. Anataka mtaa wenye afya: hewa, miti, maji yasiyotuama, mahali pa watoto kuchezea. Na uwe wa wote. Mzee apite, mjamzito apite, mwenye magongo apite. Kila mwenye wazo alete mchoro, na Jumamosi ya tarehe 23 atakuja kuchagua.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Hamphrey naye akanyoosha. Hamphrey! Mwenye duka la saruji na mabati. Tulisoma darasa moja, akanipita hesabu mwaka 1991, na mpaka leo hajachoka kunikumbusha. Yeye ana duka. Mimi nina kipaji.

Papo hapo nimeunda Kamati Jumuishi ya Mtaa Mpya. Wajumbe: mimi, shemeji yangu Egidi, na baiskeli ya Egidi kwa upande wa usafiri. Mke wangu Aurelia ameuliza mbona hakuna mwanamke hata mmoja. Nimemwambia hii ni hatua ya kitaalamu na mambo ya kamati ni siri. Amecheka, akaendelea kupukuchua mahindi.

Jumanne, 12 Machi

Nimepanda kwa Mama na mchoro kwapani. Mama Hildegardi anakaa juu kabisa, kwenye boma la marehemu baba. Tangu aanguke kwenye ile njia siku ya Krismasi na kuumia nyonga hajashuka tena. Akikaa mlangoni anaona paa la kanisa na kengele anaisikia vizuri. Kufika ndiyo hafiki. Padre humletea komunyo mara moja kwa mwezi, na mara mbili alizopanda ule mlima alifika hoi mpaka Mama akampa maji kabla ya sala.

Nimemkunjulia mchoro. Viwanja mraba mraba. Kipilefti chenye sanamu (ya nani, tutaamua baadaye, nina pendekezo). Na katikati Barabara ya Wendelin (ndiyo, mimi), imenyooka kutoka mlangoni kwa Mama hadi kanisani. Hakuna kona hata moja!

Mama ameitazama karatasi, akautazama mteremko, akarudi kwenye karatasi.

"Mwanangu," akasema, "hii siyo njia. Hili ni paa."

Nimemfafanulia kwamba mstari ulionyooka ndio mfupi kuliko yote. Amesema anaujua huo mfupi, ndio uliomshusha Krismasi. Halafu akasema hana haja ya sanamu wala kipilefti. Anataka kitu kimoja: misa ya Pasaka, kwa miguu yake mwenyewe. Vijana wa parokia walijitolea kumbeba kwenye kiti, amekataa. Hataki kushushwa kama gunia la kahawa.

Nikaapa mbele ya picha ya Bikira Maria kwamba tarehe 31 atashuka kwa miguu yake. Nimeapa! Sasa siwezi kurudi nyuma. Mama ameitikia asante, lakini hakuonekana kuanza kujiandaa.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimejenga mji mzima kabla ya saa sita.

Mlima: makaa ya mawe, Egidi ameokota yaliyodondoka kwenye malori barabarani. Nyumba: viberiti themanini. Wakazi: punje za mahindi ni watu wazima, maharage ni wazee, ulezi ni watoto. Shule, zahanati, vyoo vyenye bomba la hewa. Machozi yalinilengalenga. Nikautoa uani Egidi aupige picha kwenye mwanga mzuri.

Kuku wa Aurelia wakaingia mtaani.

Dakika mbili tu! Watoto wote wameliwa. Watu wazima wote wameliwa. Wazee wamesalimika, maana kuku hawapendi maharage makavu. Jogoo alipanda kwenye kipilefti akasimama mahali pa sanamu na kuwika. Egidi amesema angalau hakuna atakayedai kwamba mifugo haikushirikishwa.

Na nani alikuwa anapita wakati huohuo? Hamphrey. Alichungulia juu ya uzio, akaona mji wenye wazee watupu, akaniuliza kwa upole kama ni kipindupindu.

Jumamosi, 16 Machi

Hamphrey amekodi tingatinga! Yuko upande wa pili wa mlima, kwenye ardhi ya wajomba zake, anachonga barabara ya mfano. Imenyooka kutoka juu hadi chini na kuishia nyuma ya ghala lake. Imenyooka! Ameniibia wazo. Watu wamejaa wanapiga makofi, hata Joakim fundi baiskeli, ambaye mwezi uliopita nilimwazima jembe.

Sawa. Kama yeye ameweka mfano ardhini na mimi nitaweka ardhini. Karatasi basi. Nahitaji chokaa ya kuchora mistari mlimani. Nimekwenda kwa muuza chokaa. Muuza chokaa ni Hamphrey. Ameniambia chokaa imeisha. Alikuwa ameegemea mifuko ya chokaa.

Nilirudi nikiwa nimenuna. Nikakaa mlangoni kwa Mama, nikautazama mlima. Nyasi tupu, ndefu kunipita. Ndipo akili ikaniwaka. Nyasi! Tunazifyeka, tunazilaza mistari, na mji unajichora wenyewe. Hakuna gharama. Sijui wenzangu wanaenda kusomea nini chuoni.

Jumatatu, 18 Machi

Tumefyeka tangu alfajiri. Mimi, Egidi, Bernadi mtoto wa baba mdogo, na Joakim ambaye amerudi upande wa haki baada ya kuahidiwa mtaa wenye jina lake.

Kazi ya kupendeza mno. Kwa ukubwa halisi tungemaliza Krismasi, kwa hiyo kila kiwanja nimekipunguza kuwa mraba wa hatua mbili kwa mbili. Nyasi zimelazwa mistari ya kwenda na mistari ya kukatiza, mraba kwa mraba, mlima mzima. Viwanja mia tatu! Katikati mistari miwili minene: Barabara ya Wendelin.

Saa nane Egidi alisimama, akaegemea mundu. Akaniuliza kama nina uhakika. Akanikumbusha kwamba huu ni mwezi wa tatu, kwamba huu ni mlima wa Wamatengo, na kwamba akina mama wote wa jumuiya ya kanisa hupita pale chini wakienda mtoni. Nikamwambia asichanganye sayansi na kilimo. Akatemea viganja mate, akarudi kufyeka.

Jioni Aurelia ameniuliza ni nani aliyefyeka mlima na kulaza nyasi. Nimejibu kwa kifupi kwamba ni wanaume wa ukoo, na zaidi ya hapo asiulize. Amefunua sufuria. Kisha akaniongezea kipande cha pili cha samaki, kikubwa, katikati ya Kwaresima! Mama wa watu amejaa heshima ghafla. Uongozi unaonekana usoni.

Jumanne, 19 Machi

Nipo kijiji cha Ruanda na Egidi. Tumekuja kwa seremala Tobias kuchongesha kibao cha BARABARA YA WENDELIN, mti mgumu, herufi nyeupe. Tumefika, Tobias amevaa suti. Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na Tobias anasema seremala atakayeshika randa siku ya Yosefu, mbao zake zitapinda mpaka kiama. Nimemwomba. Nimembembeleza. Ametupa ugali na mboga ya maharage, akatuambia tulale.

Si neno. Mji wangu umelala salama mlimani, na nani atauiba mji wa nyasi?

Jumatano, 20 Machi

Kibao kitakuja baada ya wiki. Tumerudi saa tisa mchana, baiskeli imetoboka mara mbili.

Hakuna mji.

Naandika tena maana mwenyewe siamini: hakuna mji. Kuna mashimo. Mia tatu. Kila kiwanja kimechimbwa katikati na udongo umerushwa juu ya nyasi zangu. Shule ni shimo. Zahanati ni shimo. Juu ya matuta akina mama arobaini wa jumuiya wanapanda maharage huku wanaimba, na mke wangu Aurelia ndiye anayeongoza wimbo.

Niliketi chini. Mama Notburga, mwenyekiti wa jumuiya, alikuja na bakuli la togwa akanipa mkono wa pongezi. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya mgonjwa. Akaeleza kwamba wamefurahi kuliko ninavyoweza kufikiri. Tangu kale ngolo, kilimo chetu cha mashimo, ni kazi ya mikono miwili: mwanaume anafyeka na kuzilaza nyasi mraba mraba, mwanamke anachimba katikati na kuzifukia. Kwa miaka sita wanawake wa mlima huu wamewasubiri wanaume walaze nyasi. Wamewakumbusha. Wamewanunia. Jumatatu jioni walipotoka mtoni wakakuta mlima mzima umelazwa, safi, kwa vipimo vya babu, na wanaume hata hawakuombwa! Kuna mama aliyelia. Wakaitana jana asubuhi, siku mbili wamemaliza.

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyefikiri kwamba ni ramani ya mji.

"Mwenyekiti," akasema, "nani angetuambia?"

Hata barabara yangu hawakuiacha. Wanasema walicheka sana walipoona mtu amelaza nyasi kunyooka na mteremko, maji si yatapita hapo kama farasi. Wakaziondoa, wakazilaza upya kwa kukatiza mlima, na sasa njia inakwenda kushoto, inakunja, inarudi kulia. Kona saba! Barabara yangu imekuwa utumbo wa mbuzi.

Na juu mlangoni, kwenye kigoda, Mama na fimbo yake, anaelekeza. Ati hapa pawe pana. Ati hapo weka jiwe la kukalia. Siku mbili nzima anaelekeza. Mama yangu mzazi!

Alhamisi, 21 Machi

Sijatoka ndani. Egidi amekuja kunijulia hali. Hajasema "nilikwambia". Amekaa tu pale robo saa nzima, ananoa mundu.

Zimebaki siku mbili Violet aje, na siku kumi Pasaka. Nimeapa mbele ya Bikira Maria na nina mashimo mia tatu.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Sijawahi kuona mvua ya namna hii. Imeanza alfajiri na mpaka saa tisa haijapumzika.

Saa nne kelele kutoka upande wa pili. Nimekimbia na mwavuli. Barabara ya Hamphrey imegeuka mto! Maji mekundu yanashuka yamenyooka, hayana kona ya kuyachelewesha, yanaingia moja kwa moja mlango wa nyuma wa ghala. Hamphrey yuko ndani, suruali magotini, anabeba mifuko ya saruji kwenda juu ya meza. Na mifuko ya chokaa! Ile iliyoisha!

Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Lakini alinitazama, akasema jina langu tu, basi, bila kejeli wala nini. Nikaweka mwavuli chini. Tumebeba mpaka saa saba. Mgongo umekufa. Aliponishukuru nilimuuliza kwa upole kama ni kipindupindu.

Narudi, napita kwetu. Kila shimo limeshika maji yake na kuyanywa polepole. Chini ya mlima hakuna tope. Njia ya kona saba imelowa tu. Nimefikiri sana juu ya jambo hili na nimefikia uamuzi: nilijua.

Jumamosi, 23 Machi

Violet amefika na buti na kalamu. Mtaa mzima umemfuata. Hamphrey ameeleza mchoro wake kwa maneno machache sana, tope lingali masikioni.

Nikapanda juu ya tuta. Nikatangaza kwamba kilichopo mbele yao ni Mfumo wa Wendelin, uliofanyiwa utafiti wa siri kwa siku kumi na mbili. Mama Notburga akakohoa. Egidi akawa anatazama angani.

Violet hakunisikiliza vizuri, alikuwa ameinama anatazama njia. Amepanda nayo kona kwa kona, akakaa kwenye kila jiwe, akahesabu hatua. Kutoka jiwe hadi jiwe ni hatua thelathini. Akauliza ni nani aliyepanga thelathini. Halafu Mama kutoka mlangoni akasema kwamba nyonga yake ndiyo iliyopanga: hatua thelathini inavumilia, ya thelathini na moja inalia. Violet akaandika. Akamuuliza na upana je. Mama akasema watu wawili bega kwa bega, kwa sababu mgonjwa hatembei peke yake, na mwenye mimba hali kadhalika. Akaandika. Akauliza nyumba zikae wapi. Mama akaonyesha kwa fimbo: pembeni mwa kona, pale palipo tambarare, milango iitazame njia, ili mtu akianguka aonekane. Na ngolo zibaki juu na katikati, zinywe mvua na kulisha watu.

Walizungumza saa nzima. Mama na afisa mipango miji! Hakuna aliyeniuliza kuhusu kipilefti.

Uamuzi: mtaa utafuata njia hii. Tumeshinda! Violet ameelekeza pia kamati iundwe upya. Mama Notburga mwenyekiti, Aurelia katibu, Hamphrey vifaa, Mama mshauri mkuu. Mimi na Egidi tumepewa majembe ya kusawazisha kona ya tatu na ya tano kabla ya Pasaka. Nimepokea kwa unyenyekevu. Bila shaka mwasisi hupewa heshima ya kazi za mikono.

Aurelia jioni ameniambia kwamba angeambiwa mapema angenisaidia kuchora. Samaki leo kipande kimoja.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Ameshuka.

Tulipanda kumchukua saa kumi na moja na nusu asubuhi. Alikuwa ameshavaa, kitenge kipya, rozari mkononi. Nikampa mkono, akaukataa, akachukua fimbo. Hatua thelathini, jiwe. Akakaa. Hatua thelathini, jiwe. Akina mama wamejipanga kwenye kila kona, hawamshiki, wapo tu. Kona ya tano aliikanyaga mara mbili kuipima, akanitazama, akasema imekaa vizuri. Mimi ndiye niliyeisawazisha. Nikafuta pua.

Kengele ya kwanza ilipiga akiwa kona ya sita. Kengele ya pili alikuwa mlangoni pa kanisa, anahema, anacheka. Padre alisimama na vazi lake jeupe akamsubiri aketi ndipo akaanza. Nimelia misa nzima. Hamphrey alikuwa benchi la nyuma yangu, akanipitishia leso yake, na ilikuwa safi.

Baada ya misa Tobias alikuwa nje na toroli. Kibao! Mti mgumu, herufi nyeupe, watu wakazunguka. Kimeandikwa NJIA YA MAMA HILDEGARDI. Tobias anasema alipata ujumbe wa mabadiliko kutoka kwa katibu wa kamati. Wote wamepiga vigelegele, nami nimepiga. Mama amekipapasa kile kibao herufi moja moja kwa kidole.

Ni kosa dogo la ofisi. Barua ya masahihisho nitaiandika Jumanne.

Jumatano, 3 Aprili

Lituhi! Upepo, ziwa, kila kitu kinang'aa!

Violet alimsimulia mjomba wake Aidan habari za mlima wetu, na Mzee Aidan amewaalika Mama, Mama Notburga na Aurelia waje kuona pwani. Ziwa limepanda, nyumba za mbele zimelowa, wanahitaji mtaa mpya nyuma kidogo. Nimekuja kubeba mizigo ya wageni. Hivyo ndivyo mwaliko ulivyosomeka. Lakini mtu mwenye uzoefu haonekani mzoefu kwa kukaa kimya.

Wanawake wako kwa Mzee Aidan wanazungumza na wenyeji, nyumba kwa nyumba, wanauliza maswali. Wanauliza tu! Watamaliza lini? Mimi na Egidi tumetembea ufukweni na tayari nina mpango. Mchanga ni tambarare, hauna nyasi, kwa hiyo hakuna wa kuchimba. Wavuvi wametuazima nyavu kuukuu. Tumezitandaza juani, mraba kwa mraba, safi kabisa, kila wavu ni kiwanja kimoja. Viwanja sitini! Jina la muda: Wendelin Pwani.

Kamati ni ileile: mimi, Egidi na baiskeli. Wanawake tutawaambia kesho, ikishapendeza.

Egidi ameuliza kama nina uhakika. Nimemwambia asichanganye sayansi na uvuvi.

Naandika haya chini ya mti, natazama mji wangu. Mitumbwi imerudi ikiwa imejaa usipa, dagaa wa ziwa hili wanaoanikwa juani. Akina mama wanashuka na mabeseni kichwani, wengi sana, wanazitazama zile nyavu zangu na wanaonekana kufurahi. Mmoja ameniletea kipande cha samaki wa kuchoma, kikubwa, na kunipa mkono wa pongezi. Watu wakarimu.